Isale Mlangoni mwa Kompyuta

Kila jioni akitoka shule, Evaline alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Alivua sare, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akaingia chumba cha mbele kuzivua nguo kompyuta za mama yake. Ndiyo, nguo! Mama yake, Mama Damian, alikuwa amezifumia vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, maana vumbi la Moshi halina adabu, linaingia hata palipofungwa. Evaline alivikung'uta vitambaa uani, akapangusa vioo, akakaa kumsaidia mama kupokea wateja waliokuja kuchapiwa barua na kutoa nakala.

Kompyuta zilikuwa mbili, zote zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na moja ilinguruma kama mashine ya kusaga. Waya uliziunganisha na kisanduku cheusi chenye taa za kijani, na kutoka hapo laini ya simu ya mezani ilileta intaneti. Kisanduku hicho kiliitwa ruta. Mwaka ule wa 2007, nyumba yenye ruta mtaani Majengo ilikuwa jambo la kusimuliwa, na Evaline, aliyekuwa darasa la sita, hakuwa mvivu wa kusimulia.

Aliyeyafanya yote hayo alikuwa kaka yake mkubwa, Damian, fundi wa kompyuta huko Dar es Salaam. Krismasi iliyopita alikuwa amepanda kwao Masama kama kila Mchagga anavyorudi nyumbani, akala kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, kwa bibi yao, Bibi Dominika, mpaka akashindwa kuinuka. Aliporudi kwa mama yake mjini, alileta kanda mbili za zamani. Ndani yake mlikuwa na sauti ya Babu Sirili, mume wa Bibi, ambaye alikuwa amefariki dunia. Damian alikuwa amemrekodi kwa redio kaseti alipokuwa mtoto. Bibi hakuwa amemsikia mzee wake tangu redio ilipoanza kuzitafuna kanda zile.

Damian alizicheza kwa uangalifu mkubwa, akazihamishia sauti ndani ya kompyuta inayonguruma. Alipata mafaili manne, akayaweka katika folda aliyoiita BABU. Kanda ya pili ilipofika mwisho ilikatika vipande, ya kwanza nayo ikawa ya kutupwa. Tangu siku hiyo, sauti ya Babu Sirili ilibaki mahali pamoja tu duniani.

Siku iliyofuata Damian alimwambia mama yake, "Mama, kila kompyuta ikigoma unanipigia simu, nami siwezi kuiona. Nataka kuweka njia ili niwe naingia humu nikiwa Dar."

"Uingie humu ukiwa Dar? Wewe mtoto, umekuwa mzimu?"

Damian akacheka, akabonyezabonyeza kwa muda, kisha akatoka kwenda kwenye intaneti kafe iliyo karibu na mnara wa saa. Baada ya muda simu ya mama ikalia. "Mwambie Evaline asishike mausi. Tazameni kioo."

Walitazama. Mshale mdogo mweupe uliokuwa umetulia katikati ya kioo ukatikisika. Ukatembea. Hakuna mkono ulioushika, mausi ilikuwa imelala pale mezani, lakini mshale ulitembea hadi pembeni, ukafungua karatasi nyeupe, na herufi zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine: SHIKAMOO MAMA.

Mama Damian akafanya ishara ya msalaba. Halafu, kwa kuwa hajawahi kuiacha shikamoo bila jibu, akaiinamia kompyuta na kuipazia sauti, "Marahaba, mwanangu!"

Evaline alihisi vinyweleo vikimsimama. Alikuwa amezoea kuuona Mlima Kilimanjaro asubuhi ukiwa umejifunua wote, mweupe kileleni, na kila mara aliguswa na ukubwa wake. Sasa aliguswa vilevile na kitu kidogo kisichofikia ukubwa wa punje ya ulezi. Alitamani kukielewa kuliko alivyotamani kitu chochote.

Damian aliporudi hakufurahia sana. "Hilo lilikuwa jaribio tu," alisema. "Nimetoboa tundu kwenye ua wa ruta. Kila apitaye nje anaweza kubisha hodi hapo, na kila neno ninaloandika linapita njiani likiwa uchi. Njoo nikuonyeshe kazi yenyewe."

Aliliziba tundu lile mbele ya macho ya Evaline. Kisha akajenga njia nyingine, ambayo maneno yote yanayopita ndani yake yanachanganywa hata mwizi akiyaona hayamfai kitu. Mlango wa njia hiyo ulihitaji vitu viwili: ufunguo, ambao ni faili maalumu lililokaa kwenye kompyuta ya Damian na kwenye flashi iliyofichwa katika mkoba wa mama, pamoja na neno la siri lililokuwa refu kama sentensi nzima. Ukiwa na kimoja bila kingine, huingii.

"Wewe ndiye fundi wangu hapa," Damian alimwambia. "Lakini tundu lile la kwanza usilifungue tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, kaka."

Alikuwa amesikia kweli. Tatizo la Evaline halikuwa masikio.

Shule zilipofunguliwa alilisimulia darasa habari ya mshale unaotembea wenyewe. Wenzake walimsikiliza mpaka Ronald, kijana ambaye wazazi wake walitoka Mkuu kule Rombo, alipopiga meza kwa kicheko. "Uongo mtupu! Tuonyeshe basi."

"Nitawaonyesha," Evaline akasema, na papo hapo akajua amejitia kitanzi. Ufunguo ulikuwa katika mkoba wa mama, na mkoba wa mama haukuguswa na mtu. Alihangaika njia nzima ya kurudi nyumbani. Angeweza kukubali kuitwa mwongo, lakini hilo lilimchoma. Jioni hiyo, mama akiwa jikoni anapika mtori, alifungua ukurasa wa ruta na kulitoboa tena tundu lile.

Lilihitaji neno la siri, japo fupi tu. Evaline akafikiri. Aliwaza wezi wa intaneti kuwa ni watu wa mbali, Wazungu na Wachina waliokaa kwenye vyumba vya giza. Wangejuaje neno la Kichagga? Basi akachapa: isale.

Isale ni ule mmea wa majani marefu uliopandwa kuzunguka kihamba cha Bibi, shamba lake la migomba kule Masama, kama ilivyo kwa vihamba vyote. Ndio mpaka. Hakuna Mchagga anayeung'oa wala kuuvuka kwa ubaya. Evaline aliona amechagua neno lenye nguvu kuliko kufuli la chuma, akajipongeza.

Kesho yake aliwapeleka wenzake kwenye intaneti kafe. Walijazana nyuma ya kiti chake. Mara tu kioo cha kompyuta ya nyumbani kwao kilipojitokeza pale mbele yao, pamoja na tangazo la harusi ambalo mama alikuwa akilichapa dakika ileile, kelele zote zilikwisha. Msichana mmoja alishika mdomo. Tangu siku hiyo jina la Evaline likawa Injinia.

"Pasiwedi ni nini, Injinia?" Ronald aliuliza njiani.

"Thubutu! Ni siri." Lakini sifa zilikuwa zimemlevya, na mdomo ukamtoka. "Ni kile kinachozunguka kihamba cha bibi yangu."

Wote wakacheka. Yeye pia akacheka, bila kufikiri kwamba kila aliyekuwa pale naye alikuwa na bibi, na kila bibi alikuwa na kihamba.

Alikusudia kuliziba tundu jioni ileile. Alipofika nyumbani mama akamtuma mashineni kusaga mahindi, na aliporudi kulikuwa na wateja. Kesho yake akasema kesho. Ukweli ni kwamba jina la Injinia lilikuwa tamu, na huenda wenzake wangetaka kuona tena.

Ijumaa moja alasiri, akipangusa kioo cha kompyuta inayonguruma, aliona pengo. Folda ya BABU haikuwepo. Aliangalia kila mahali, akafungua hata pipa la taka la kompyuta. Lilikuwa tupu, jeupe. Na Bibi Dominika alikuwa anateremka kutoka Masama Jumapili, baada ya misa. Alikuwa anakuja kwa jambo moja tu, kumsikiliza mzee wake.

Evaline alitoka mbio mpaka kwa kina Ronald, mtaa wa pili. Ronald alipomwona tu, aliangalia chini.

"Ni wewe!"

"Sikukusudia," Ronald akanong'ona. "Kompyuta ya kafe ilikuwa bado na anwani yenu, na neno nikalikisia, nikaingia kukutania. Nikaweka picha za katuni nyingi kwenye kioo chenu ili mama yako ashtuke. Mara nikamsikia mwenye kafe anakuja, nikaogopa. Nikachagua vyote vilivyokuwa pale, nikafuta, nikamwaga na pipa lenyewe ili kusibaki alama. Sikujua kama kuna kitu chako chini yake." Akasogea karibu. "Lakini Evaline, tukinyamaza nani atajua? Ile kompyuta ni kuukuu. Watadhani imeharibika."

Evaline aligeuka kuondoka. Ubaya ni kwamba na yeye wazo hilo lilikuwa limemjia njiani, kabla ya Ronald kulisema. Kompyuta ilikuwa kuukuu kweli, na hakuna ambaye angemshuku. Alirudi nyumbani polepole, akala bila kuonja chakula, na mama alipomuuliza kama anaumwa akasema hapana.

Jumamosi asubuhi mama alikuja chumba cha mbele akiwa na CD kadhaa mkononi. "Leo tuna kazi nzuri," alisema kwa furaha. "Kuna bwana anataka picha zote za harusi yake ziingizwe humu, tuzipange. Ni nyingi ajabu." Akakaa mbele ya kompyuta inayonguruma na kuufungua mlango wa CD.

Hapo Evaline alikumbuka jambo ambalo Damian alimweleza Krismasi. Ukifuta faili, alisema, kompyuta haichomi kitu. Inaondoa jina tu na kuhesabu pale ni kiwanja kitupu. Vitu vyako bado viko kiwanjani, ila vinakaa hivyo mpaka mwingine aje kujenga juu yake. Zile picha za harusi zilikuwa zinakuja kujenga juu ya Babu Sirili.

Kama angenyamaza dakika hiyo, hakuna ambaye angejua kamwe. Kama angenyamaza dakika hiyo, pia hakuna ambaye angemsikia Babu tena.

"Mama, usiweke!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama, tafadhali, usiguse chochote! Babu amefutika. Ni makosa yangu. Nilifungua lile tundu alilonikataza kaka." Akaeleza yote, kafe, Ronald, neno isale, mpaka machozi yakamzuia.

Mama Damian hakupiga kelele. Alizirudisha CD kwenye bahasha moja moja. Kisha akampa simu. "Mwambie kaka yako mwenyewe."

"Shikamoo kaka," Evaline akaanza, na kwa mara ya pili akayasema yote.

Huko Dar, Damian alishusha pumzi. "Tangu ifutike, kuna mtu ameingiza kitu kwenye kompyuta hiyo?"

"Hakuna. Mama alikuwa anaanza sasa hivi."

"Basi umewahi. Kwanza ziba hilo tundu lako. Halafu chomeka flashi tupu, tusiandike hata herufi moja ndani ya kompyuta yenyewe. Mimi nakuja."

Evaline aliziba tundu. Baadaye kidogo mshale ukatikisika. Safari hii ulikuja kwa ile njia iliyofunikwa, yenye ufunguo na sentensi ndefu, ukapita mamia ya maili kutoka baharini hadi chini ya mlima bila mtu yeyote njiani kujua umebeba nini. Uliweka programu ndogo kwenye flashi, na programu ikaanza kukagua viwanja vitupu vya kompyuta, kimoja baada ya kingine. Mama alileta kiti akakaa karibu. Walisahau hata kunywa chai. Evaline aliomba kimoyomoyo umeme usikatike.

Kisha majina yakaanza kuchomoza. Yalitokea takataka nyingi, katuni za Ronald na barua za wateja wa zamani. Ndipo likaja jina lililomfanya Evaline asimame.

?ABU-1

"Mbona limekatwa kichwa?" mama akauliza.

Damian, aliyekuwa bado kwenye simu, akaeleza kwamba kompyuta za zamani ndivyo zinavyofuta, zinakula herufi ya kwanza ya jina, nyingine zinabaki. "Programu inauliza herufi iliyopotea. Evaline, ijaze wewe."

Evaline aliweka kidole juu ya herufi B. Alikuwa ameibonyeza mara nyingi maishani, lakini siku hiyo ilikuwa nzito. Akabonyeza. BABU-1 ikashuka kwenye flashi. Likaja la pili, likaja la tatu, na kila mara akairudisha B mahali pake. La nne nalo lilikuja, lakini programu ikalitia alama nyekundu. Nusu yake ya mwisho ilikuwa imepotea, pengine chini ya vitu ambavyo kompyuta hujiandikia yenyewe ikiwashwa.

"Hilo halitengenezeki," Damian alisema kwa upole. "Na si wewe peke yako uliyekosa. Mimi ni fundi mzima, nikaiacha sauti ya Babu mahali pamoja. Leo hii tunatoa nakala."

Jumapili Bibi Dominika alifika na mkungu wa ndizi, kilemba chake kikiwa kimefungwa vizuri sana kwa ajili ya misa. Kabla hajakaa sawasawa, Evaline alipiga magoti mbele yake. Mikononi alishika jani la isale lililofungwa fundo, alilolikata kwenye ua wa kanisa baada ya kuomba ruhusa. Kwa Wachagga, mwenye kosa akikuletea jani hilo amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Ronald na jani lake. Hakuna aliyemwita.

Bibi alisikiliza maelezo yao yote. Aliuliza maswali mawili matatu, maana mambo ya tundu na ruta yalimpita pembeni. Mwishowe akayapokea majani yote mawili na kuyalaza magotini. "Haya. Sasa nataka kumsikia mume wangu."

Mshale ukatikisika. Bibi akashika mkono wa kiti. Ulitembea wenyewe mpaka kwenye BABU-1, ukaibonyeza, na chumba kikajaa mkwaruzo wa kanda ya zamani. Mtu akakohoa. Kisha sauti nene, yenye haraka kidogo, ikasema kwa Kichagga kwamba mtu amfukuze yule kuku kwanza.

"Meku!" Bibi akaitikia kabla hajajizuia, kwa neno la Kichagga la kumwita mzee. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye anacheka. "Kuku yule! Nilimchinja Pasaka!"

Babu Sirili alitaja majina ya baba zake, mmoja baada ya mwingine. Alieleza nani alichimba mfereji wa maji na nani alipanda migomba ya kwanza. Hakuna aliyesogea. Katika faili la nne alianza kuimba wimbo wa kuvuna ulezi, akafika katikati ya ubeti, na sauti ikakatika ghafla. Evaline akainamisha kichwa. Alijua kimya kile ni cha kwake.

Lakini kimya hakikudumu. Bibi Dominika alifumba macho, akauchukua wimbo palepale mumewe alipouachia, akauimba mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilitetemeka, lakini haikupotea njia.

Alipomaliza aliinua jani moja kutoka magotini mwake. "Mjukuu wangu, unajua kwa nini isale inalinda kihamba? Si kwamba ina nguvu, hata mbuzi anaipita. Inalinda kwa sababu jirani anaijua na anaiheshimu. Huko mlikofungua mlango wanapita watu wasioijua, na hata wanaoijua wanaweza kuja kwa mchezo, kama huyu. Huko fungeni kwa kufuli alilowawekea kaka yenu, na siri iwe siri." Akalilaza jani mkononi mwa Evaline. "Ila kwa hili nakusifu. Jani umelileta mapema. Ungesubiri kesho, ningekusamehe vilevile, lakini mzee wangu nisingemsikia tena."

"Nimeelewa, Bibi," Evaline akasema, na Ronald naye akasema vivyo hivyo kutoka mlangoni, ambako hakuwa amethubutu kuondoka.

Kiooni herufi zilianza kujipanga, kutoka Dar: EVALINE, WASHA KIPAZA SAUTI. MWOMBE BIBI ARUDIE.

Evaline alikisogeza kipaza sauti kidogo mbele ya Bibi, na wimbo ukaimbwa tena, mzima, tangu mwanzo. Ulipokwisha, kompyuta iliuliza faili hilo liitwe nini. Akaanza na herufi B, akaandika polepole: BIBI-1. Kisha, kabla mtu hajamkumbusha, akatoa nakala tatu.